Namba Zilizogongwa Kwenye Chuma

Barabara ya North Circular, kaskazini-magharibi mwa London, hakuna anayeifuata kwa ajili ya mandhari. Malori, maghala, madaraja ya reli, basi. Lakini asubuhi za mwisho wa wiki, karibu na Stonebridge, pikipiki hupunguza mwendo moja baada ya nyingine na kukata kona kuingia uwanja wa Ace Cafe. Mkahawa huu ulifunguliwa mwaka 1938, ukaharibiwa kwa mabomu wakati wa Vita Kuu ya Pili, ukajengwa upya mwaka 1949, ukafungwa mwaka 1969 na kufunguliwa tena mwaka 2001. Ndani wanauza mayai, maharagwe ya mchuzi wa nyanya, chipsi na chai ya maziwa katika vikombe vizito. Baraza yenyewe iko nje.

Pikipiki iliyozungukwa na watu wengi asubuhi hiyo ilikuwa na tanki la alumini lililosuguliwa mpaka mtu anajiona uso. Mwenyewe, fundi umeme mstaafu, alikuwa ameegemea ukuta na kikombe chake, akiwaachia wengine kazi ya kuisifu. Chasisi ni ya Norton, ya aina ya Featherbed, iliyosifika tangu mwaka 1950 kwa kutulia kwenye kona. Injini ni ya Triumph, ya silinda mbili. Mchanganyiko huo huitwa Triton. Norton hawakuutengeneza, Triumph hawakuutengeneza. Ulizaliwa kwenye gereji za nyumbani na karakana ndogo, mikononi mwa vijana waliotaka chasisi bora ya huku na injini yenye nguvu ya kule.

Sasa Triton asilia ni ipi, ikiwa hakuna kiwanda kikubwa kilichoizaa?

Mstaafu yule alichomoa picha ya nyeusi na nyeupe kutoka mfuko wa ndani wa koti lake la ngozi. Kijana mwenye nywele zilizopakwa mafuta amesimama kando ya pikipiki ileile, namba ya usajili inasomeka, na nyuma ya picha mtu ameandika kwa kalamu ya wino: 1963. "Ile pale," akasema akionyesha Triton nyingine iliyong'aa kuliko yake, "imeunganishwa majuzi, kwa vipuri vizuri kuliko vyangu. Inanipita mbio. Lakini mwenyewe hana picha." Kwa makadirio yake, pikipiki yake ingeuzwa karibu mara mbili ya ile. Mwenye ile nyingine, aliyekuwa karibu akisikiliza, hakubisha. Alitikisa kichwa kukubali na kuomba kuiona tena ile picha.

Kwa mtu aliyekulia Dar es Salaam hesabu hii inahitaji kuzoewa. Kariakoo na Gerezani, muuza spea hukuuliza kabla hujamaliza kutaja unachotaka: jenuini au ya kawaida? Swali lake linahusu uimara. Jenuini itadumu, ya kawaida utarudi kuinunua tena baada ya miezi michache. Mitaa ya Nairobi kama Kirinyaga Road inafuata kanuni hiyohiyo, na hakuna mhasibu anayeijua kuliko mwendesha bodaboda ambaye cheni ikikatika na siku yake imekatika. Kwa Waingereza wa pikipiki za kale mizani imegeuka. Kopi mpya mara nyingi ndiyo imara: haivuji mafuta, breki zinashika, umeme wake hauzimiki kwenye mvua. Asilia inayovuja ndiyo ghali. Kinacholipiwa ni ushahidi kwamba chuma hiki, hasa hiki, kilikuwapo.

Kutoka London barabara kuu inaelekea kaskazini, ikipita mashamba ya kijani yaliyogawanywa kwa ua wa miiba, kondoo wakiwa wametawanyika kama vile hawana mwenyewe. Nchi ni tambarare na mvua yake ni nyepesi, haianzi wala haiishi. Katikati ya nchi ndiko zilikotoka pikipiki zote zilizotajwa na wazee wetu: BSA ya Birmingham, Triumph ya Coventry na baadaye Meriden, Royal Enfield ya Redditch, Norton ya Birmingham, na Brough Superior ya Nottingham, mji uleule uliotuletea baiskeli za Raleigh. Wengi wetu tulimwona babu akiifuta Raleigh yake kwa kitambaa kila jioni, na baba akinunua Phoenix ya Kichina iliyofanana nayo kuanzia usukani hadi kifuniko cha cheni. Phoenix ilibeba gunia lilelile la mkaa. Babu hakukubali kamwe kwamba ni kitu kimoja.

Hinckley, mji mdogo wa Leicestershire, una somo la aina nyingine. Kiwanda cha Triumph cha Meriden kilifungwa mwaka 1983. Mjenzi wa nyumba, John Bloor, akalinunua jina, akajenga kiwanda kipya Hinckley, na pikipiki za kwanza zikatoka mwaka 1991. Mwaka 2001 kampuni ikarudisha Bonneville, pikipiki iliyotamba tangu mwaka 1959. Baadaye sheria za moshi zilipoifanya kabureta ya kawaida isiwezekane, wahandisi waliweka mfumo wa kisasa wa kupuliza mafuta, kisha wakaufunika kwa maumbo yanayofanana kabisa na kabureta za zamani. Mnunuzi anatazama kabureta ambayo si kabureta, na anafurahi. Hapa mwenye jina mwenyewe ndiye anayeiga kazi ya waliomtangulia, na hakuna anayethubutu kuita kazi yake feki.

Hinckley hiyohiyo imewahi kuonyesha Triumph TR6 iliyotumika kwenye filamu ya The Great Escape ya mwaka 1963, ile ya kuruka ua wa seng'enge. Katika filamu ilipakwa rangi na kuvalishwa vifaa ionekane pikipiki ya jeshi la Wajerumani. Tangu hapo watu wametengeneza nakala zake zikiwa na rangi ileile ya udanganyifu. Inashangaza kufikiria: pikipiki ya Kiingereza iliyojifanya ya Kijerumani, leo inalindwa kwa uangalifu kwa sababu ndiyo ya kweli.

Lakini mahali ambapo swali la asili linakushika koo ni Makumbusho ya Taifa ya Pikipiki, Solihull, karibu na uwanja wa ndege wa Birmingham. Yalifunguliwa mwaka 1984 na mfanyabiashara Roy Richards, na yana pikipiki za Kiingereza pekee, zaidi ya 1,000 sasa, zimepangwa safu kwa safu chini ya taa. Ukiingia unasikia harufu ya mafuta na nta. Watoto wa shule wanapita mbio. Wazee wanasimama mbele ya pikipiki moja nusu saa nzima, na ukisimama nao watakusimulia jinsi walivyoiuza mwaka waliooa.

Tarehe 16 Septemba 2003 kipande cha sigara kilichotupwa ovyo kiliwasha taka nje ya jengo. Moto ukapanda paani. Kumbi tatu kati ya tano ziliteketea na takriban pikipiki 380 zikaungua. Wafanyakazi na wageni waliokuwa kwenye mkutano ndani ya jengo walisukuma nje nyingine nyingi kabla moshi haujawashinda. Desemba 2004 makumbusho yalifunguliwa tena, na nyingi kati ya zilizoungua zilikuwa zimefufuliwa.

Zimefufuliwa vipi? Mzee wa kujitolea anayewaongoza wageni alinieleza kwa subira, akigusa hewa kwa vidole kana kwamba anashika spana. Chasisi ya chuma huvumilia moto. Hupinda, hupoteza ugumu wake, lakini umbo linabaki. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660. Sanduku la chini la injini, ambalo kwa pikipiki nyingi za Kiingereza ni la alumini na ndilo lililogongwa namba ya injini, liligeuka dimbwi sakafuni. Namba ikaondoka na chuma chake. Mafundi walilazimika kupata masanduku mengine au kuyasubu upya, kutengeneza matanki, kutafuta kabureta sehemu zote za dunia.

Nilimuuliza kama pikipiki iliyotengenezwa hivyo bado ni ileile. Alinitazama kwa upole. Alisema familia yake iliwahi kuunguliwa na nyumba wakati wa vita, wakajenga juu ya msingi uleule, na posta haikuacha kuleta barua. Kisha akaongeza kwamba jambo la muhimu ni kitabu: kila pikipiki iliyotengenezwa upya inapaswa kuandikwa kipi ni cha zamani na kipi ni kipya. Ninakubaliana naye kwa moyo wote. Dhambi haiko kwenye chuma kipya. Iko kwenye kurasa zilizoachwa wazi kwa makusudi.

Birmingham yenyewe inastahili safari yake peke yake. Sparkbrook wanapika balti, nyama au kuku katika karai la chuma linaloletwa mezani likiwa bado linachemka, chakula kilichobuniwa na wahamiaji wa Kipakistani katika jiji hilo miaka ya 1970, kinacholiwa kwa naani kubwa kuliko meza. Umbali mfupi kutoka hapo, Small Heath, ndiko kilikokuwa kiwanda cha BSA, kampuni iliyoanza kwa kutengeneza bunduki, ikaingia kwenye baiskeli, na miaka ya 1950 ikawa miongoni mwa watengenezaji wakubwa kabisa wa pikipiki duniani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilianguka. Anayetafuta kiwanda leo ataonyeshwa zaidi kwa maneno kuliko kwa majengo.

Stafford ni mwendo wa chini ya saa moja kuelekea kaskazini. Kila Aprili viwanja vya maonyesho vya mkoa hujaa pikipiki za kale, na pembeni hufanyika mnada wa kampuni ya Bonhams. Asubuhi ilikuwa baridi. Foleni ndefu kuliko zote ilikuwa ya kibanda cha chakula cha pale: chapati laini ya unga wa oti na hamira inayomiminwa kwenye bamba la moto mithili ya chapati zetu za maji, inakunjwa na jibini ndani. Ukishika mbili mikononi, baridi inakuwa na adabu.

Nyuma ya kumbi kuna soko la spea kuukuu, na hapo mtu wa Gerezani atajisikia nyumbani. Maturubai yametandikwa chini, juu yake gia, taa, vibao vya majina, ekzosi zilizoota kutu, masanduku ya skrubu. Watu wanapatana bei kwa sauti ya chini. Katika meza moja zilipangwa seti za vigongeo vya chuma, herufi na tarakimu, za ukubwa na miandiko tofauti. Ni vifaa halali. Karakana yoyote huvihitaji. Ila watu wengi walipopita meza hiyo waliviangalia bila kuvigusa.

Sababu aliieleza mama mmoja wa makamo aliyekuwa na tochi na kioo cha kukuzia vinavyoning'inia shingoni. Yeye ni msimamizi wa namba katika chama kimojawapo cha wenye pikipiki za aina moja. Vyama hivi viko vingi Uingereza na kila kimoja kina mtu wa kazi hiyo: anakagua pikipiki, anafungua nakala za vitabu vya kiwanda, anathibitisha mwaka. Idara ya usajili wa magari inategemea barua zao. Alikubali nimfuate kwa muda, mradi nisimwulize maswali akiwa amepiga magoti.

Mfano wake wa kwanza ulikuwa BSA Rocket Gold Star. Iliuzwa mwaka 1962 na 1963 tu, pikipiki 1,500 na ushei. Namba ya injini yake huanza na DA10R na ya chasisi na GA10. Ndugu yake wa kawaida, A10, alitengenezwa kwa wingi, na vipande vingi vinaingiliana. Mtu mwenye A10, tanki la fiba, ekzosi mpya na seti ya vigongeo anaweza kupata "Rocket Gold Star" kwa wiki chache. Watu wa BSA husema kwa uchungu kwamba leo zipo nyingi kuliko zilizowahi kutoka Small Heath.

"Angalia mkono, usiangalie namba," alisema. Vigongeo vya kiwandani vilikuwa na mwandiko wao. Tarakimu tatu ya kiwanda hiki haifanani na ya kile. Mfanyakazi aligonga haraka, kwa nguvu, siku nzima, kwa hiyo mistari haikunyooka sana. Mghushi hugonga kwa woga na kwa unadhifu. Kabla ya kugonga amesaga namba ya zamani, na uso wa chuma pale umeshuka kidogo au umekuwa laini kuliko sehemu za jirani. Na hata ukisaga, kigongeo cha kwanza kilikandamiza chuma chini kabisa. Wapelelezi wakipaka tindikali, namba iliyofutwa hupanda tena. Nilimsikiliza nikawaza ni pikipiki ngapi zilizoibwa kwetu zingesema ukweli mbele ya chupa moja ya tindikali.

Kwa Vincent, pikipiki za Stevenage zilizokoma mwaka 1955, mtego ni mzuri zaidi. Kwenye zile za silinda mbili namba ya chasisi huzidi ya injini kwa 1,900 kamili. Black Shadow ya kweli huuzwa kwa makumi ya maelfu ya pauni, na tofauti ya tarakimu moja kwenye hesabu hiyo huangusha bei mbele ya macho ya muuzaji. Mama alisema amewahi kuona wanaume wazima wakilia.

Kuna herufi moja inayoogopwa kuliko zote: Q. Gari au pikipiki ambayo umri au asili yake haiwezi kuthibitishwa hupewa namba ya usajili inayoanza na Q. Inatembea barabarani kihalali, lakini kibao hicho ni tangazo la kudumu kwamba ukoo wake haujulikani. Wenye nakala nyingi waliosema ukweli tangu mwanzo wanakibeba bila aibu. Waliojaribu kupenyeza nakala kama asilia ndio huumia kikiwafika.

Na nakala zipo za heshima kubwa. Kwenye ukumbi mmoja ilisimama Manx Norton, pikipiki ya mashindano ambayo Norton waliacha kuitengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hii ilitoka kwa Andy Molnar wa Lancashire, ambaye huitengeneza upya nzima, injini na chasisi, kwa michoro ya zamani na vyuma bora vya leo. Bei ni makumi ya maelfu ya pauni. Wanaoshindana kwenye mbio za pikipiki za kale wanazihitaji kwa sababu iliyo wazi: masanduku ya injini ya magnesi ya miaka ya 1950 hupasuka kwa uzee, na hakuna anayetaka kuangusha Manx ya kweli kwenye kona ili apate kikombe. Kampuni ya spea ya wanachama wa Vincent nayo iliwahi kuunda Black Shadow nzima kwa spea mpya tupu, kuonyesha tu kwamba inawezekana. Spea hizohizo ndizo zinazofanya Vincent za kweli ziendelee kutembea. Ukizikataza nakala, utakuwa umezifungia asilia kwenye vioo vya makumbusho. Mimi nasimama upande wa wanaozitengeneza, mradi waandike.

Mchana watu walihamia upande wa mnada. Wazoefu bado wanaisimulia siku ya Aprili 2016 hapohapo Stafford, zilipoletwa Brough Superior nane zilizokaa zaidi ya miaka 50 kwenye mabanda ya shamba Bodmin Moor, Cornwall. Zilikuwa na kutu, nyingine vipande vipande, matope yamegandia kwenye magurudumu. Brough walitengeneza pikipiki kama 3,000 tu kati ya mwaka 1919 na 1940, na kadi za kiwanda zinazoonyesha kila moja iliundwaje bado zipo. Zote nane ziliuzwa kwa pauni 752,625. Moja peke yake, BS4 yenye injini ya gari la Austin na magurudumu mawili ya nyuma yaliyokaa bega kwa bega, moja kati ya 10 zilizotengenezwa, ilifika pauni 331,900. Kutu na yote.

Jambo hilo la kutu linamsumbua mgeni kutoka kwetu. Sisi heshima ya chombo ni usafi wake. Mwenye bodaboda anaiosha kabla hajaosha uso. Pale Stafford pikipiki iliyopakwa rangi upya kwa ustadi mkubwa ilipata makofi machache, na jirani yake aliyechubuka, ngozi ya kiti imepasuka, alizungukwa. Rangi ya kiwandani ikishakwanguliwa hairudi. Mikwaruzo ya miguu ya mwenye kwanza, nayo ni maandishi.

Mbali na hapo, Las Vegas, Januari 2018, Vincent Black Lightning ya mwaka 1951 iliuzwa dola 929,000. Aliyeifanya iwe na thamani hiyo ni Jack Ehret, aliyeiendesha Australia mwaka 1953 kwa mwendo wa karibu kilomita 228 kwa saa na kuvunja rekodi ya nchi. Upo pia upande wa pili. Mwaka 2014, California, pikipiki iliyotajwa kuwa ile ya Peter Fonda kwenye filamu ya Easy Rider ilifikia dau la dola milioni 1.35. Mara ikajulikana kwamba mtu wa Texas anayo nyingine inayodai hadhi hiyohiyo, na mwigizaji Dan Haggerty alikuwa amezithibitisha zote mbili. Pikipiki mbili, nyota na mistari ya bendera kwenye matanki yote mawili, cheti mkononi mwa kila mwenyewe. Ushahidi ukiyumba, dola milioni zinasimama hewani.

Nilikuwa nimetoka nje ya ukumbi, nikiongea na nyumbani kwa simu, mtu nyuma yangu aliposema, "Bwana, hicho Kiswahili umekitoa wapi?"

Alikuwa mzee wa Kisikh, kilemba cha buluu, koti la mvua la waendesha pikipiki, ndevu nyeupe hadi kifuani. Nikamwamkia shikamoo. Alicheka mpaka akashika tumbo, akasema kwao Nakuru walisalimiana habari tu, shikamoo aliisikia kwa wageni wa Tanga, lakini marahaba, mwanangu, marahaba. Alizaliwa Nakuru, baba yake fundi wa reli, akaja Uingereza akiwa kijana mwishoni mwa miaka ya 1960. Aliniagiza nisilale hotelini bila kula kwake kwanza. Kesho yake nilikuwa Smethwick, nje kidogo ya Birmingham, mbele ya dengu, roti na pilipili ya kukaanga iliyoletwa na bibi yake, ambaye naye alitaka kujua bei ya nyanya Dar.

Baada ya chakula alifungua gereji. Ndani kulikuwa na Bullet moja, nyeusi, mistari ya dhahabu kwenye tanki imepigwa kwa mkono. Royal Enfield ilianza kuita pikipiki zake Bullet mwaka 1932, Redditch, si mbali na pale tulipokuwa. Mwaka 1955 kampuni iliungana na Madras Motors, na Bullet zikaanza kuunganishwa India kwa ajili ya jeshi, polisi na baadaye kila mtu. Kampuni ya Uingereza iliacha kutengeneza pikipiki mwaka 1970. Madras, ambayo leo ni Chennai, haikuacha hata siku moja, na leo jina zima la Royal Enfield ni lao. Bullet ya mzee ilitoka Madras. Kwenye tanki imeandikwa Enfield India.

"Wananiambia nibandike kibao cha Redditch," alisema. "Nitapata karibu mara mbili. Kila mtu Stafford anakiuza hicho kibao." Alipitisha kiganja juu ya maandishi. "Walioitengeneza hii walikuwa na majina. Sasa niwafute?"

Kwa kipimo cha soko, Bullet ya Madras ni mtoto wa kambo. Kwa kipimo changu ni asilia kuliko nyingi nilizoziona: kiwanda kilichopewa mashine na michoro, kikaifanya kazi hiyo bila kukatika kwa zaidi ya miaka 60, kinanakili nini? Nilimwambia hivyo. Alisema hivyohivyo ndivyo anavyowaambia wajukuu, ila wao wanataka pikipiki za umeme.

Kisha akataja shauri lililomfanya aniite hasa. Nakuru, kwa mtoto wa kaka yake, kuna BSA M20 iliyoachwa na yule baba fundi wa reli. M20 ni pikipiki ya jeshi; zaidi ya 120,000 zilinunuliwa kwa Vita Kuu ya Pili, na vita vilipokwisha nyingi ziliuzwa kwa raia. Kijana amepata mnunuzi Nairobi anayetaka kuipaka rangi ya kijeshi na kuipeleka kwenye maonyesho ya Concours d'Elegance uwanja wa Ngong. Mnunuzi anasema ni kopi iliyounganishwa kwa vipande, na bei aliyotaja ni ya chuma chakavu.

Mzee haamini, lakini hana uhakika, na kutokuwa na uhakika kunamkera. Tatizo la BSA za wakati ule ni kwamba namba ya injini na ya chasisi hazikufanana hata zilipotoka kiwandani. Ukiziona zinatofautiana hujajua chochote. Jozi sahihi imeandikwa kwenye vitabu vya kiwanda, na vitabu vya BSA vimehifadhiwa na chama cha pikipiki za kale cha VMCC, kilichoanzishwa mwaka 1946. Kinachokosekana ni kusoma namba zenyewe, na kijana anasema hazionekani.

Mzee alinichorea nyuma ya risiti. Namba ya chasisi itafutwe kwenye shingo ya usukani, upande wa kushoto, ianze na WM20. Ya injini iko kwenye sanduku la alumini, chini kidogo ya silinda, kushoto pia. Alitaka picha ya logbuku, mbele na nyuma, hata kama imeliwa na mende. Nilipokuwa mlangoni akaniita tena.

"Mwambie asitumie brashi ya waya. Mafuta ya taa na kitambaa, polepole. Na kama haianzi na WM20, usinifiche."